Mwanasesere Kwenye Meza ya Kulia

Binti wa marehemu ndugu yangu alipohamia ng'ambo aliniachia mwanasesere. Masanduku yake yalikuwa yamekwisha kujaa, na mizani ya uwanja wa ndege haina huruma, kwa hiyo alikuja nyumbani kwetu mtaa wa Niboye asubuhi ya safari akiwa amembeba kifuani kama mtoto aliyelala.

"Baba mkubwa," akaniambia, "ukimpenda awe wako. Usipompenda mpe mtu atakayempenda. Ila usimtupe."

Nilimjibu kwamba mimi sipendi wala sichukii kitu kwa kuambiwa; nitamtazama kwanza.

Nikamtazama. Hakuwa wa aina ile wanayonunuliwa watoto wakati wa sikukuu, ambayo mkono ukikatika basi. Alikuwa wa plastiki ngumu na nzito inayomiminwa katika kalibu, urefu wake kama mkono wangu kutoka begani hadi kwenye ncha za vidole, kichwa hakina nywele, macho ya kioo. Kila kiungo chake, bega, kiwiko, nyonga, goti, kilikuwa ni tufe mfano wa goroli lililokaa ndani ya kikombe chake. Hapakuwa na msumari wala gundi. Kilichoushikilia mwili mzima ni lastiki iliyopita ndani, kutoka shingoni hadi nyayoni, iliyovutwa ikakaza. Lastiki ikiwa imara, mwanasesere husimama peke yake, hukunja goti, huinua mkono na kuuacha juu. Ikilegea, huanguka kama mlevi.

Wa kwangu alikuwa amelegea. Nilimsimamisha kandoni mwa meza akaanguka. Nikamsimamisha tena, akaketi kwanza, ndipo akaanguka. Sikuweza kumwacha hivyo.

Yapasa nieleze kwamba tangu nistaafu sikuwa nimepata kutulia. Maisha yangu ya kazi yote nilikuwa mkalimani wa mahakama. Niliketi kati ya hakimu na shahidi, nikayapokea maneno ya mmoja nikayafikisha kwa mwingine bila kuyapunguza wala kuyaongeza, na kwa kazi hiyo nikajifunza kulichukia neno moja: nimesikia. Mtu akianza kwa "nimesikia", hakimu huinua mkono, na mimi hunyamaza. Kisha siku moja nikapewa mkono wa kwaheri, na sikuwa tena na wa kumfikishia chochote. Nyumbani nilikuwa nikifungua geti kutazama kama kuna mtu, nikilifunga, nikienda kugonga tangi la maji nisikie limejaa kiasi gani, nikirudi kuvisogeza viti vya sebuleni vilivyokuwa sawa tangu mwanzo.

"Haji, kaa chini," mke wangu alizoea kusema. "Unanitia kizunguzungu."

Mke wangu ni fundi cherehani, mzaliwa wa Gitega, mtaa wa upande wa pili wa jiji, ambako mama yake na mama wa mama yake walishona kabla yake. Zaidi ya hayo, yeye ni mmoja wa wanawake wa msikiti wetu wanaoosha na kukafini maiti za wanawake na za watoto wadogo. Kazi hiyo hailipwi, wala nyumbani kwetu haizungumzwi. Huitwa, huenda, hurudi, huoga, kisha huketi kwenye cherehani yake. Kwa sababu kifo hakitoi taarifa, kabatini mwetu huwa mna jora la bafta nyeupe tayari kwa sanda.

Basi nikaanza kumshughulikia mwanasesere. Nilikata lastiki ya zamani, nikamtenganisha kipande kwa kipande juu ya meza ya kulia, nikatafuta lastiki ya mviringo, kwa kuwa ile bapa ya sketi aliyokuwa nayo mke wangu haikutosha kuvuta, nikaazima kulabu yake ya kufumia vitambaa, nikaipitisha shingoni na kuivuta lastiki mpaka ikatokea nyongani. Jambo hili si rahisi kama linavyosomeka. Lastiki ikiponyoka mkononi, mguu huruka hadi ukutani. Lakini nilipokuwa nimeinama pale, kulabu mkononi na meno yameuma uzi, sikulifikiria geti. Jua lilitoka dirisha moja likahamia la pili, nami sikuona.

Akasimama. Nilimzunguka nikimtazama pande zote, nikaridhika. Kesho yake nilikuwa tena getini.

Ndipo nikafanya jambo ambalo mtu makini angelishangaa: nilikata lastiki iliyokuwa nzima, nikamtenganisha upya, nikaanza tena. Nilijiambia kwamba goti la kushoto halikukaza vizuri. Goti halikuwa na kasoro.

Wakati huo nilikuwa nikisoma katika simu maneno ya wakusanyaji wa wanasesere hawa, maana kumbe duniani wako wengi, wake kwa waume, na wengine si vijana. Wengi wao walidai kwamba mwanga wa jua huifanya plastiki ile kuwa ya manjano. Wangapi walikuwa wameona, na wangapi wamesikia? Sikuwa na njia ya kujua, kwa hiyo niliuweka mkono wake wa kushoto dirishani na wa kulia nikaufungia katika droo, nikangoja hadi msimu wa kiangazi ukaisha. Nilipoviweka viganja viwili pamoja, cha kushoto kilikuwa kimepata rangi ya siagi. Hilo nililishuhudia kwa macho yangu, na mwanasesere angali na mikono miwili isiyolingana.

Kwa kuwa sasa nilikuwa na hakika, ilinibidi kumkinga na mwanga. Nikaenda kabatini nikakata kipande cha bafta. Nilijua vyema jora lile ni la nini. Lakini kitambaa ni kitambaa, nilijiambia, na hiki kilikuwa laini, safi, kisichotoa rangi. Nikamviringisha, na ili viungo visigongane nikamfunga kwa vipande vya bafta ile ile: kichwani, kiunoni, miguuni. Kisha nikaenda msikitini.

Nje ya msikiti, wazee wenzangu walikuwa na lao.

"Haji, tunaambiwa umeongeza mke," akasema mmoja, muuza vitambaa mwenye tumbo na ulimi.

"Mmeambiwa na nani?"

"Si ukubali kwanza, ndipo tukutajie?"

"Nataka shahidi kwanza."

"Shahidi ni muuza maziwa. Amemwona dirishani kwako. Mfupi, mweupe, hana hata unywele."

"Na hali chakula!" akadakia mwingine, mkono kiunoni. "Wala hasemi! Wallahi Haji una bahati. Mimi wangu nimpeleke wapi akafundishwe hayo?"

Wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta. Wa tatu hakucheka. "Lakini, Haji, wanasema nyumba yenye sanamu haina baraka."

"Kina nani hao?"

"Watu."

"Waambie waje waniambie wenyewe."

Sikumjibu hivyo kwa kiburi. Nilikuwa nimekwisha kwenda kwa sheikh na kumwuliza ana kwa ana. Alinieleza kwa utulivu kwamba wanazuoni wametofautiana kuhusu vitu vya kuchezea, kisha akaniuliza swali nisilolitazamia: "Wewe, Haji, unacheza?" 

Wiki iliyofuata mambo mawili yalitokea karibu pamoja. La kwanza ni kwamba nilipigiwa simu na mwanamke mmoja wa Kicukiro, rafiki wa yule binti wa ndugu yangu. Alikuwa na wanasesere watano wa aina hii, aliowakusanya kwa miaka. Sasa anaolewa, anahamia kwenye nyumba ndogo, na hakutaka kuwatawanya. Aliambiwa kwamba mimi huwatunza. Alikuwa tayari kunipa wote, mradi nikae nao wote, ila apate jibu kabla ya Ijumaa.

Jambo la pili, mke wangu aliondoka. Alisema anakwenda Gitega kwa dada yake kumsaidia nguo za harusi, na kweli harusi ilikuwepo. Lakini alichukua mto wake wa kulalia. Mtu anayekwenda kwa dada yake siku mbili habebi mto.

Nyumba bila yeye ilikuwa na sauti nyingi. Nilivihamisha viti. Nilikwenda getini, na jirani yetu, mama mmoja anayeuza mkaa, akanikuta hapo.

"Haji, mama iko Gitega kweli?"

"Yuko kwa dada yake."

"Mi naambiwa ameogopa ile toto yako. Eti iko na majini."

"Umeambiwa na nani?"

"Na yule wa duka."

"Na yeye aliambiwa na nani?"

"Yewe, Haji! Sasa wewe unauliza kama polisi!" Akajitwika gunia lake akaenda zake akicheka.

Nilipaswa kuliacha neno lile pale pale, karibu na mkaa wake. Badala yake nililibeba. Lilieleza kila kitu: ukimya wa mke wangu mezani, mto, safari. Nikakasirika kwamba mwanamke niliyeishi naye umri huu wote anaamini kwamba jini laweza kukaa ndani ya plastiki, nikaanza kuandaa hoja, moja juu ya nyingine, kama wakili.

Alhamisi nilipanda moto, yaani pikipiki ya abiria, hadi Kicukiro. Yule mwanamke alikuwa amelelewa Uganda, mfanyakazi wa ofisi, mchangamfu, naye alinikaribisha kwa chai kabla sijavua viatu. Wanasesere wake watano walikuwa katika kabati la vioo, wamevaa, wamechanwa nywele, kila mmoja amesimama kwa namna yake. Mmoja aliweka mkono mmoja kiunoni kama mtu aliyechoka kungoja. Sijapata kuona kazi safi kuliko ile.

"Karibu, mzee, watazame," akasema, akafungua kioo.

Nikamchukua wa kwanza. Nikauinua mguu wake, nikapapasa nyonga chini ya gauni nisikie lastiki.

"Mzee! Unamvua nguo mbele za watu?"

"Lastiki yake ilibadilishwa lini?"

"Haijabadilishwa. Iko sawa."

"Na ya huyu?"

"Wote wako sawa, mzee."

Nilimrudisha mahali pake. Nikamwuliza kwa kawaida huwa anafanya nini nao.

"Huwa nawatazama."

"Kisha?"

Akafikiri. "Kisha nawabadilisha nguo, nawatazama tena. Nikitoka kazini nimechoka, nakaa hapa na chai yangu. Nakuwa na amani."

Niliketi pale alipozoea kuketi, nikanywa chai, nikawatazama. Nilijitahidi kwa uaminifu wote. Walikuwa wazuri. Lakini vidole vyangu vilikuwa vikigonga goti, na mguu ulikuwa ukitikisika mpaka kikombe kikalia juu ya sahani yake, na nikajikuta natamani kwamba mmoja wao, hata mmoja tu, aanguke.

"Kwa hiyo utawachukua, mzee?"

Nilimwambia kwamba lazima nizungumze na mke wangu kwanza. Nilisema hivyo kwa adabu, ili nipate mlango wa kutokea. Nilipokuwa nikishuka kilima ndipo nilipotambua kwamba ndicho nilichopaswa kufanya tangu siku ile alipobeba mto.

Kutoka Kicukiro nikaenda moja kwa moja Gitega. Kwa dada yake kuna kibaraza chembamba kinachotazama kichochoro, cherehani mbili zimekaa uso kwa uso, na nguo za harusi zilikuwa zimetundikwa juu yake rangi kwa rangi. Shemeji yangu ndiye aliyeniona kwanza.

"Karibu, shemeji! Umekuja na mke mwenzake, au umemfungia nyumbani?"

"Amebaki nyumbani."

"Maskini, nani atampikia?"

Mke wangu hakuinua macho kutoka kwenye pindo. Nikapewa kigoda. Nikaanza hotuba yangu. Nilieleza jinsi plastiki inavyotengenezwa. Nilieleza kwamba macho yale ni kioo tu, na kwamba kuhusu majini, mtu mwenye elimu ya dini kama yeye hapaswi...

"Majini?" Akasimamisha cherehani. "Nani amekwambia mimi naogopa majini?"

Nikazitazama nguo zilizotundikwa.

"Nakuuliza, Haji. Nani?"

"Jirani."

"Jirani alinisikia nikisema?"

"Aliambiwa na mtu wa duka."

Shemeji yangu alijifunika uso kwa kitenge alichokuwa akikishona, mabega yakatikisika. "Allah! Mkalimani wa mahakama!"

Sina haja ya kueleza nilivyojisikia. Nilivuta kigoda karibu, nikamwambia mke wangu maneno ambayo hakimu huyasema kwa shahidi, na ambayo mimi niliyatafsiri siku zote bila kumwelekezea yeye hata mara moja: "Basi niambie ulichokiona wewe mwenyewe."

Alikata uzi kwa meno. 

"Ulikwenda kusali alasiri. Niliingia na sahani, nikamkuta mezani, amelazwa. Bafta yangu. Umefunga kichwani, kiunoni, miguuni."

"Ili viungo visi..."

"Najua kwa nini. Umeniuliza nilichokiona. Niliziweka sahani chini, sakafuni, sijui kwa nini. Mikono yangu ikaenda yenyewe kwenye fundo la kichwani. Haji, mimi kazi yangu ni kufunga. Wanaofungua ni nyinyi wanaume, kule kaburini. Miaka yote hii sijawahi kulifungua fundo nililolifunga, wala la mtu mwingine. Siku ile nililifungua. Na ndani mna uso, na macho yako wazi, yananitazama."

Shemeji yangu alikuwa ameacha kucheka.

"Wiki ile ile niliitwa," akaendelea. "Mtoto wa mtu. Nilimwosha vizuri. Nilipofika kufunga kichwani, mikono ikakataa. Nikafikiri: nikikaza, atafungua macho. Nikamwita mwenzangu amalizie. Nikasema nina kizunguzungu. Mama wa mtoto alikuwa mlangoni anangoja, na mimi nasema nina kizunguzungu." Akavuta pumzi. "Hilo ndilo. Sitaki kuiacha kazi hiyo. Hapa kwa dada yangu sioni meza ile. Basi."

Hoja zangu zote zilikuwa za kesi nyingine. Nikamwambia kwamba nitampa mtu mwanasesere yule, kesho yake.

"Sikukwambia umpe mtu. Ukikaa bure utaling'oa lile geti. Nimekwambia: usimlaze, usimfunge, na usimweke pale tunapokula. Na bafta yangu usiiguse tena."

"Na hao watano wa Kicukiro?"

"Hao ni wako kuamua."

"Nataka kujua unavyoona."

"Unataka nikukataze, upate kuwaambia watu kwamba nimekukataza." Akakanyaga cherehani. "Amua mwenyewe, Haji. Mimi nina magauni."

Alikuwa amesema kweli, na ukweli huo ulinisumbua njia nzima. Sikupanda moto kurudi, nisingeweza kuketi. Nilitembea, nikapumzika, nikatembea. Ningeweza kuwachukua watano wale, nikawasimamisha ukutani wakiwa wamevaa, bila kumlaza hata mmoja, na sharti la mke wangu lingetimizwa. Lakini nilijijua. Kabla mwezi haujaisha ningekuwa nimewakata lastiki wote, na viungo vya watu sita vingekuwa vimetapakaa katika nyumba ambayo mke wangu anarudi akitoka kuosha maiti. Yule mwanamke wa Kicukiro anawapenda wakiwa wazima. Mimi nawapenda wakiwa wamevunjika, na mkusanyaji wa namna hiyo hukusanya balaa.

Ijumaa asubuhi nilimpigia simu. "Sitawachukua," nikamwambia. "Mimi sijui kuwatazama."

"Mzee, ukweli niliona. Ulikuwa unawatazama kama fundi baiskeli." Kisha akauliza: "Lakini mmoja akilegea, naweza kukuletea?"

"Mlete. Akisimama, utaondoka naye siku ile ile."

Nilimtoa mwanasesere wangu kwenye bafta. Nilikiosha kitambaa kile, nikakausha, na sikujua nikifanye nini. Kukirudisha kwenye jora haikuwezekana, kukitupa sikuthubutu. Mwanasesere mwenyewe nilimvalisha mfuko wa mto nilioutoboa tundu tatu, nikamketisha kwenye kiti, mgongo wima.

Mke wangu alirudi harusi ilipokwisha, mto wake kwapani. Akasimama mlangoni mwa sebule, akamtazama yule aliyeketi, kuanzia kichwa hadi miguu, kama anavyomtazama mteja aliyeshonewa na fundi mbaya.

"Hicho ni kiti changu," akasema. "Mwambie mgeni wako anipishe."

Nikamnyanyua. Nikawa nazunguka naye sebuleni, kwa maana katika siku zote zile sikuwa nimefikiri atakaa wapi. Mwishowe nikamsimamisha juu ya kabati la vitabu, uso umeelekea ukutani.

"Mgeuze," akasema mke wangu. "Afadhali nimwone."

Siku chache baadaye, asubuhi, simu yake ililia. Alisikiliza, akasema neno moja, akaufungua mlango wa kabati, akalitoa jora la bafta na mkasi. Alipopita karibu na kabati la vitabu alisimama. Aliyatazama macho yale ya kioo waziwazi, kwa muda ambao mtu hunywa maji. Kisha akajifunga mtandio akatoka.

Nilifungua geti nikalifunga. Niligonga tangi. Sikumgusa mwanasesere, ingawa kulabu ilikuwa karibu. Sikumpigia mtu simu kuuliza yaliyokuwa yakiendelea kule, kwa sababu ambaye angenijibu angekuwa ameambiwa na mwingine. Adhuhuri ikapita. Nilipomsikia amefika nilikuwa nimesimama katikati ya sebule, sina ninachokishika.

Akaoga. Akaketi kwenye cherehani.

"Umeweza?" nikamwuliza.

"Nimefunga," akasema, akakivuta kitambaa chini ya sindano.